Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Dalili za Uraibu wa Kitabia

Uraibu wa kitabia ni nini hasa?

Ni hali ya mtu kushindwa kuitawala tabia fulani, ingawa hakuna kileo, tumbaku wala dawa iliyoingia mwilini mwake. Tabia yenyewe mara nyingi ni ya kawaida na halali, kama vile kucheza gemu, kubeti, kununua vitu au kufanya mazoezi, na watu wengi huifanya maisha yao yote bila kudhurika. Inahesabiwa kuwa uraibu pale mambo matatu yanapokwenda pamoja. Mtu hawezi tena kuamua aanze lini, aendelee kwa muda gani na aache saa ngapi. Tabia hiyo inapanda ngazi hadi inatangulia mbele ya usingizi, kazi, masomo na watu wa nyumbani. Na mtu anaendelea nayo, au hata kuiongeza, huku akiiona kwa macho yake hasara inayomletea. Haya ndiyo mambo ambayo Shirika la Afya Duniani huyatumia kuutambua ugonjwa wa kamari na ugonjwa wa gemu, na kwa kawaida yanatakiwa yawe yameonekana kwa muda wa miezi 12, ingawa muda huo unaweza kufupishwa pale dalili zote zinapokuwapo na hali ikawa mbaya.

Je, huu ni ugonjwa unaotambuliwa rasmi, au ni jina la heshima la uvivu na tamaa?

Kwa kamari hakuna ubishi. Iliingia katika mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani mwaka 1980, ikihesabiwa miongoni mwa matatizo ya kushindwa kuzuia misukumo, na toleo la tano la mwongozo huo, lililotolewa mwaka 2013, liliihamishia katika sura moja na pombe na dawa za kulevya, kwa kuwa ushahidi uliokusanywa ulionyesha kufanana kwao katika ubongo, katika dalili na katika tiba. Toleo hilo liliziweka gemu kando, katika sehemu ya hali zinazohitaji utafiti zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikwenda hatua moja mbele: toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa mwezi Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, linautambua ugonjwa wa kamari na ugonjwa wa gemu, vyote viwili vikiwa chini ya uraibu.

Mitandao ya kijamii, simu, ununuzi, kazi na mazoezi havijapewa nafasi ya namna hiyo katika orodha hizo. Tabia ya ngono isiyodhibitika imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, lakini miongoni mwa matatizo ya misukumo, tena kwa tahadhari ya maana: mtu kujiona mkosefu kwa sababu ya maadili yake tu hakutoshi kumwita mgonjwa.

Wataalamu bado wanabishana, na wana haki ya kubishana. Mwaka 1995 daktari wa akili wa Marekani, Ivan Goldberg, alitunga vigezo vya uraibu wa intaneti kwa mzaha, akiwatania wenzake waliopenda kugeuza kila tabia kuwa ugonjwa; mzaha huo uliishia kuchukuliwa kwa uzito na watu waliojiona ndani yake. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina hoja: si kila mazoea ni maradhi, na mtu aliyeharibikiwa na ununuzi hapaswi kunyimwa msaada kwa kuwa tatizo lake halijapewa namba kwenye orodha.

Nikicheza gemu au kushika simu kwa saa nyingi, je, nimekuwa mraibu?

Si lazima. Hakuna idadi ya saa inayotenganisha mzima na mgonjwa, na hili ndilo jambo linalowapotosha watu zaidi ya jingine lolote. Mchukue kijana anayecheza gemu saa tano kila siku ya mapumziko, lakini huweka rimoti chini wageni wanapobisha hodi, hulala kwa wakati, hupunguza mwenyewe mitihani inapokaribia, na akikosa umeme jioni nzima hutafuta jambo jingine la kufanya. Kisha mchukue mtu mzima anayebeti kwa dakika 20 tu kwa siku, lakini dakika hizo zinakula kodi ya nyumba, amekwisha kumwahidi mke wake mara kadhaa kwamba ameacha, na usiku anaamka kuangalia matokeo ya mechi za ligi asiyoijua hata majina ya timu zake. Wa pili ndiye mwenye dalili.

Kwa hiyo, badala ya kuhesabu saa, uliza saa hizo zimetoka wapi: zimetoka kwenye muda wa ziada, au zimekatwa kwenye usingizi, kazi na mazungumzo ya nyumbani? Hesabu ya saa ina faida moja ndogo. Kabla ya kufungua sehemu ya simu inayoonyesha muda wa matumizi, andika kwenye karatasi muda unaodhani uliutumia jana. Tofauti kubwa kati ya makisio na ukweli haithibitishi ugonjwa, ila inaonyesha kwamba tabia imeanza kujiendesha bila wewe kuiona.

Ni dalili zipi zinazoonekana kwanza katika maisha ya kila siku?

Mwanasaikolojia wa Uingereza, Mark Griffiths, alipendekeza sehemu sita ambazo, kwa mtazamo wake, huonekana katika kila uraibu, wa dawa au wa tabia: jambo hilo kutawala mawazo, kutumiwa kubadili hali ya moyo, kuhitaji kiwango kinachozidi kupanda, kuteseka linapokosekana, kugombana na watu na majukumu kwa sababu yake, na kulirudia baada ya kuliacha. Zimekosolewa, kwa kuwa baadhi yake zinaweza kumhusu hata shabiki mwenye furaha anayeupenda mchezo wake, lakini zinasaidia kujua macho yaelekee wapi.

Nyumbani dalili hizo haziji kwa majina hayo. Kutawala mawazo huonekana mezani: mtu yupo, anaitikia, lakini ukimuuliza ulikuwa unasema nini hawezi kurudia sentensi yako. Kubadili hali ya moyo huonekana katika mpangilio wa matukio, kwamba kila baada ya ugomvi, aibu au siku ya upweke mkono unakwenda palepale, hadi mtu anakuwa hana njia nyingine ya kujituliza. Kupanda kwa kiwango huonekana katika pesa na hatari, si katika muda peke yake. Dau la jana linakuwa halina ladha, au bidhaa moja haitoshi kuleta msisimko ule wa kwanza.

Kuna dalili mbili ambazo ningezipa uzito kuliko zote. Ya kwanza ni vitu vinavyoachwa kimyakimya. Mtu alikuwa na kwaya, timu ya mpira ya Jumapili, rafiki wa kupigiana simu, na vyote vimetoweka bila tangazo lolote. Ukimuuliza, kila kimoja kina sababu yake nzuri, na hapo ndipo inafaa kuzitazama sababu zote kwa pamoja. Ya pili ni kuficha. Mtu anafuta ujumbe wa miamala kabla simu haijashikwa na mwingine, anapunguza mwanga wa kioo akiwa chini ya blanketi, anaingia bafuni na simu na kukaa humo hadi miguu inakufa ganzi, anataja nusu ya kiasi alichotumia. Mtu anayefurahia starehe yake hana haja ya kutunga hadithi juu yake, kwa hiyo uongo unaporudiarudia juu ya jambo ambalo si kosa, mara nyingi ni kwa sababu yeye mwenyewe amekwisha kuona kwamba maji yamezidi unga.

Kwa nini kamari na mitandao hunasa kirahisi kuliko starehe nyingine?

Kwa sababu zawadi yake haitabiriki. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba zawadi inayokuja baada ya idadi isiyojulikana ya majaribio hujenga tabia ngumu sana kufutika, hata zawadi yenyewe ikikoma kabisa. Baadaye mtafiti Wolfram Schultz, akichunguza ubongo wa nyani, alionyesha kwamba chembe zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na zawadi, huitikia zaidi zawadi isiyotarajiwa kuliko ile iliyokwisha kujulikana kwamba itakuja. Mtu anayevuta kioo cha simu kwa kidole ili kuona kama kuna kipya yumo katika mpango huohuo: mara nyingi hakuna kitu, mara mojamoja kipo, na hajui ni lini.

Kamari ina mtego wa ziada, nao ni kukosa kidogo. Chukua tiketi yenye mechi kumi, na tuseme kwa ukarimu kwamba kila mechi ina nafasi nusu kwa nusu ya kuangukia upande wako. Nafasi ya kupatia zote ni moja kati ya 1,024. Nafasi ya kupatia tisa na kukosa moja tu ni kumi kati ya 1,024, yaani mchezaji atakutana na ile “timu moja iliyoniharibia” mara kumi zaidi ya atakavyokutana na ushindi. Kwa mfuko wake, kukosa mechi moja na kukosa zote kumi ni kitu kimoja, dau limekwenda. Kwa akili yake si kitu kimoja hata kidogo. Anatoka na hisia kwamba alikuwa amefika mlangoni, na hisia hiyo ndiyo inayomrudisha kesho. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisimulia hasara zake kana kwamba ni ushindi uliokawia, chukua tahadhari. Dalili kubwa zaidi, ambayo imo pia katika vigezo vya madaktari, ni kurudi siku nyingine ili kurudisha hela iliyoliwa.

Je, mtu anaweza kupata arosto, yaani mateso ya kuacha, kwa kuacha tabia tu?

Ndiyo, ingawa si ile ya pombe, ambayo inaweza kuleta degedege na hata kuua. Aliyeacha kamari au gemu hukosa utulivu, hukasirika kwa jambo dogo, hulala vibaya na huona kila kitu kimepoa. Mtu akiacha kwa siku chache na asione lolote zaidi ya kukumbuka kidogo, hiyo ni ishara nzuri, lakini isichukuliwe kama cheti, kwa maana wapo wanaoacha kwa urahisi na kurudi kwa urahisi uleule.

Kununua vitu kunakuwa tatizo wakati gani?

Angalia kinachotokea baada ya kitu kufika. Anayenunua kwa haja hukitumia; aliyenaswa hufurahi zaidi wakati wa kutafuta na kulipa, na kifurushi kikifika huingia chini ya kitanda kikiwa na lebo yake, hali majuto yameanza kabla risiti haijakunjwa. Kununua vitu vinavyofanana na alivyonavyo, kukopa ili kulipia vya anasa na kuficha vifurushi ni dalili zinazofuatana.

Vipi kuhusu kazi na mazoezi, ambavyo watu huvisifu?

Hapa ndipo utambuzi unapokawia, kwa kuwa mraibu wa kazi hupandishwa cheo na mraibu wa mazoezi hupongezwa kwa umbo lake. Kipimo kinachofaa ni kuangalia mtu anafanya nini mwili au familia inapomwambia asimame. Mwanariadha mwenye afya akivunjika mfupa wa mguu hulalamika na kupumzika. Aliyenaswa hukimbia juu ya mfupa huo, hukwepa daktari na hukosa msiba wa jamaa ili asikose ratiba. Mazoezi yanapokwenda sambamba na woga wa chakula au wa uzito, tatizo la ulaji lichunguzwe mapema, maana mara nyingi mazoezi ni sehemu ya tatizo hilo na si jambo la pekee. Kwa upande wa kazi, mwenye bidii huweza kuiacha akili yake ofisini; yule mwingine huona hatia akikaa bure, na likizo humfanya mgonjwa wa wasiwasi. Tuongeze pia kwamba mtu anayefanya kazi saa 14 kwa sababu mshahara hautoshi si mraibu, na kumwita hivyo ni kumwonea.

Je, dalili hizi zinaweza kuwa za ugonjwa mwingine?

Zinaweza kabisa, na hili halisemwi vya kutosha. Mtu mwenye ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka anaweza kufuja mali yote kwa wiki moja ya msisimko, hapati usingizi, anaongea mfululizo, ana mipango mikubwa ajabu. Huyo anahitaji tiba ya ugonjwa huo. Msongo, sonona na tatizo la kukosa umakini huambatana mara nyingi na uraibu wa tabia, na pengine vilitangulia. Anayeosha mikono au kukagua mlango mara nyingi kwa hofu hatafuti raha yoyote, bali anakimbia wasiwasi, na tiba yake ni nyingine.

Kuna sababu moja ambayo hata familia makini huikosa. Baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili, zinazofanya kazi kama dopamini, kama vile pramipexole na ropinirole, zinaweza kumfanya mtu ambaye hajawahi kubeti maishani aanze kubeti, kununua ovyo au kuwa na hamu ya ngono isiyo ya kawaida. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kama hiyo kuhusu aripiprazole, inayotumiwa kutibu baadhi ya magonjwa ya akili. Tabia ikibadilika ghafla baada ya dawa mpya au baada ya kuongezewa kipimo, mpigie daktari aliyeiandika; dawa hizo hazifai kuachwa kienyeji.

Mtoto wangu hataki kuacha gemu. Nitajuaje kama ni utoto au tatizo?

Kulia au kununa anapoambiwa azime ni utoto, hasa akikatizwa katikati ya raundi anayocheza na wenzake. Tatizo linaonekana pale alama za shule zinaposhuka kwa miezi, anapokataa kuoga au kula na wengine, anapoiba pesa ya kununulia vitu vya ndani ya gemu, anapogeuza usiku kuwa mchana, na marafiki wote wa nje wanapotoweka. Kabla ya kumnyang’anya kifaa, jitahidi kujua gemu hiyo inampa nini. Mtoto anayeonewa shuleni anaweza kuwa na mahali pamoja tu duniani anapoheshimiwa, napo ni humo ndani ya skrini, na ukipafunga bila kugusa yale ya shuleni utakuwa umemwondolea kimbilio na kumwachia tatizo. Mpaka uliokubaliwa mapema, wenye saa inayojulikana na mapumziko baada ya raundi kwisha, hufanya kazi vizuri zaidi kuliko amri ya hasira saa tano usiku, na mpaka huo haushikiki ikiwa mzazi mwenyewe anakula huku akitelezesha kidole.

Je, kuna maswali mafupi ya kujipima?

Kwa kamari yapo mawili ambayo watafiti wameyatumia tangu mwaka 1997. Je, umewahi kuhisi haja ya kuweka dau kubwa zaidi na zaidi? Je, umewahi kulazimika kuwadanganya watu muhimu kwako kuhusu kiasi unachocheza? Jibu la ndiyo kwa mojawapo halikupi jina la ugonjwa, bali linakuelekeza kwa mtu wa kukuchunguza kwa undani. Maswali hayo hayakutungwa kwa ajili ya tabia nyingine, ingawa lile la uongo, kwa uzoefu wa wengi, halikosi kugusa popote linapopelekwa.

Mume wangu amekopa kila mahali na ananisihi nimlipie deni mara ya mwisho. Nifanye nini?

Kutegemea wengine wakulipie hasara ya kamari ni mojawapo ya vigezo vyenyewe vya ugonjwa huo, kwa hiyo ombi lake ni dalili kama dalili nyingine. Deni likilipwa kimya, shinikizo lililokuwa limemsukuma atafute msaada linaondoka, na mara nyingi pesa nyingine hufuata njia ileile. Unaweza kukataa bila kumtupa: mketi muandike madeni yote, yakiwamo aliyoyaficha, mshahara na akiba visimamiwe na wewe au na mtu mnayemwamini kwa muda, malipo yaende moja kwa moja kwa anayedai, na akubali kwenda kwa mtaalamu. Linda jina lako pia, usiweke saini ya udhamini kwa huruma.

Jambo moja halingoji. Watu wenye uraibu wa kamari wako katika hatari kubwa zaidi ya kujiua kuliko watu wengine, hasa deni linapofichuka. Akisema afadhali afe, au kwamba mngekuwa salama bila yeye, au akianza kuaga na kugawa vitu vyake, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwa kuwa kuuliza hakumpi wazo hilo. Usimwache peke yake, na mpelekeni hospitali au piga namba ya dharura siku hiyohiyo.

Nikienda kwa mtaalamu, ataniuliza nini na tiba ni ipi?

Ataanza na historia: tabia ilianza lini, nini huitangulia, umewahi kuacha kwa muda gani, na nini kilikurudisha. Ataulizia usingizi, pombe, dawa, madeni na mawazo ya kujidhuru. Tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi ni ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuzitambua fikra na mazingira yanayomsukuma na kuzijibu kwa njia nyingine, na mara nyingi huchanganywa na mahojiano yanayomsaidia kupata sababu zake mwenyewe za kubadilika. Kwa kamari, dawa iitwayo naltrexone huwasaidia baadhi ya wagonjwa kupunguza hamu, kwa uamuzi wa daktari. Wapo wanaosaidiwa na vikundi vya wenzao, kama Gamblers Anonymous, kilichoanza Los Angeles mwaka 1957, na wapo wanaoomba wenyewe kufungiwa akaunti za kubeti, hatua ambayo inapendeza ikichukuliwa asubuhi, kabla hamu haijapanda.

Ili miadi ya kwanza isipotee bure, andika kwa wiki mbili kila tukio: saa, mahali, ulikuwa na nani, ulijisikiaje kabla na baada, na kiasi cha pesa au muda. Andika papo hapo, kwa maana kumbukumbu ya jioni hupunguza hesabu. Beba pia orodha ya dawa zote unazomeza pamoja na tarehe ulizozianza, na ukiweza nenda na mtu mnayeishi naye, kwa kuwa yeye atakuwa na majibu ya baadhi ya maswali ambayo wewe utayajibu kwa “sikumbuki.”